Una diski mbili kwenye seva, ila bakapu huna

Wiki iliyopita jamaa mmoja wa Nyegezi kaandika kwenye grupu letu saa kumi na moja alfajiri, hata salamu hakuweka: "Radi imepiga. Seva haiwaki. Diski zote mbili kimya." Dakika kumi baadaye majibu yameshafika kama thelathini na karibu yote ni swali moja, sasa si ulisema una bakapu? Naye anajibu ndio ninayo, ndo hiyo diski ya pili. Basi hapo grupu likapasuka. Wengine wanasema diski ya pili ni bakapu kabisa, wengine wanasema hiyo inaitwa reidi, mmoja anasema yeye vitu vyake viko Google kwahiyo hayamhusu, mwingine anasema dawa ni UPS tu (lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika), mpaka saa tatu asubuhi watu wanarushiana vijembe na hamna hata mmoja aliyesema hiyo bakapu yenyewe ni mdudu gani.

Mi sio fundi wa kusomea. Ila nimeshaunguza, nimeshafuta na nimeshatapeliwa, kwahiyo naandika kwa ajili ya yule jamaa na wenzake wengi ambao wana seva nyumbani na wanalala usingizi wa bure.

Tuanze na maneno. Seva ya nyumbani ni kompyuta inayokaa imewashwa muda wote, imebeba muvi, nyimbo, picha na video za familia, afu tivi na simu zote za mle ndani zinachota kutoka kwake kwa waifai bila kula bando. Kwa wengi wetu hapa Mwanza ni desktopu ya mtumba iliyotoka kwenye ofisi ya watu, umeiongezea hadidiski, umeweka Plex au Jellyfin, zile programu za kurushia muvi kwenye tivi na simu, basi. (Jellyfin ni ya bure, ilianza Desemba 2018 pale watu walipojitenga na Emby, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, baada ya Emby kuacha kuweka kodi zake wazi kwa kila mtu. Mi ndo naitumia, sina ugomvi na wa Plex.)

Bakapu ni nakala nyingine ya vitu vyako ambayo kile kilichoua nakala ya kwanza hakiwezi kuifikia. Soma tena hiyo sentensi, maana ugomvi wote wa grupu unaishia hapo. Haijalishi una diski ngapi, swali ni kwamba hicho kitakachoiua hii, na ile kinaifikia au hakiifikii?

Sasa reidi. Kwenye ile aina wanayoiita reidi 1 unaweka diski mbili na kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa kwenye ya pili muda huohuo. Angalia fuso la mchanga, tairi za nyuma zimepangwa mbilimbili. Moja ikipasuka njiani fuso linafika Buhongwa bila shida, dereva anaweza asijue mpaka ashuke. Hiyo ndo kazi ya reidi, kufanya safari isikatike, na inaifanya vizuri sana, hadidiski ni mashine yenye sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika usiku na mchana, kuna siku itachoka tu. Lakini fuso lenyewe likiteleza kwenye gati likaingia ziwani, tairi zote zinazama. Hamna dereva atakayesema "bahati nzuri nilikuwa na tairi mbilimbili". Radi iliyopita kwenye waya wa umeme wa yule jamaa ilikutana na kompyuta moja yenye diski mbili ndani, kwahiyo kwa radi hiyo ni kitu kimoja. Afu kuna reidi 0, hiyo inagawanya kila faili nusu huku nusu kule ili mambo yaende haraka, diski moja ikifa zote zimekufa, kwahiyo kama fundi wako alikuwekea reidi na hukuuliza namba, nenda kaulize leo.

Na kwa radi huku kwetu msichukulie poa. Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani, hasa usiku, na sababu yake ni rahisi. Jua likizama nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inatiririka kwenda ziwani kutoka pande zote, inakutana katikati juu ya maji ya vuguvugu, inapanda, mawingu yanajijenga. Ndo maana ukilala Capri Point au Kirumba saa tisa usiku unaona upande wa ziwa unawakawaka kama mtu anachomelea. UPS inasaidia umeme ukikatika, inakupa dakika chache za kuzima mashine kwa adabu. Ile frijigadi inasaidia umeme ukipanda na kushuka. Ila radi ikitua karibu hakuna hata kimoja kati ya hivyo cha kuegemea. Kilichobaki ni kuchomoa, na ukichomoa umeme ukaacha waya wa ruta na waya wa dishi bado umeshikilia mlango mmoja wazi, maana radi inapita na huko.

Lakini radi sio adui mkubwa, niseme ukweli. Adui mkubwa ni kidole chako mwenyewe, na hapa naomba niwape aibu yangu.

Nilikuwa na diski ya ndani yenye folda inaitwa FAMILIA, na eksteno, yaani diski ya nje ya kuchomeka kwa waya, pembeni yake, na programu ya kusinki niliyoipangia iamke saa nane usiku kila siku ihakikishe eksteno inafanana na folda. Kusinki maana yake ni hiyo, hivi viwili vifanane. Nikatembea mtaani miezi minne najiona nina bakapu ya kisasa kabisa. Siku moja umeme ukakatika jioni, ukarudi usiku, mashine ikawaka yenyewe, ila ile diski ya ndani haikuamka, ilikuwa inakata roho na mi sijui. Folda ya FAMILIA ikabaki jina tu, ndani tupu. Saa nane programu ikaamka, ikaangalia huku ikaona hamna kitu, ikaangalia kule ikaona gigabaiti mia tatu na kitu, ikafanya nilichoiagiza. Ikavifananisha. Asubuhi naamka nakuta eksteno nyeupe kama sahani iliyooshwa, na kwenye ripoti imeandika kazi imekamilika bila kosa.

Programu haikukosea, nilikosea mimi. Nilichomoa eksteno palepale isiandikwe kitu juu yake, nikaendesha programu za kufufua mafaili, nikapata kama elfu nne yenye majina ya aina ya f0384512.mp4, hamna tarehe, hamna folda, hamna jina la mtu. Wiki tatu nzima mi na mke wangu kila usiku tunafungua moja moja, hii ni kipaimara cha nani hii, huyu mtoto ni wetu au wa jirani. Kuna ambazo hazikufunguka kabisa mpaka leo.

Kwahiyo kusinki nako sio bakapu, ni kivuli, ukianguka kinaanguka na wewe. Na ndo kosa la wale wa Google pia. Ukiwa umewasha ile ya kuhifadhi picha na ukafuta picha kwenye programu ya Google Photos, inafutika na kule juu, inakaa kwenye kapu la taka siku 60 afu kwaheri. Watu wanafuta kwenye simu ili kupata nafasi, wanaamini "si ziko Google", kumbe wanafuta kotekote. Ukitaka nafasi tumia kile kitufe chao cha kufungua nafasi kwenye simu, usifute kwa mkono.

Kinachotibu ugonjwa huu ni nakala zenye historia. Duka la mtaani linaweza kuandika madeni kwenye ubao kwa chaki au kwenye daftari. Ubao unaonyesha hali ya leo tu, mtoto akipita na kitambaa, mama muuza hana ushahidi. Daftari lina ukurasa wa jana na wa juzi, hata leo mtu akichora ujinga, unafungua nyuma unasoma. Kusinki ni ubao. Programu kama restic au Borg ni daftari, kila zikikimbia zinaandika ukurasa mpya wa vilivyobadilika tu bila kugusa wa nyuma, kwahiyo hazili nafasi kama unavyoogopa, na unaweza kusema nirudishie FAMILIA ilivyokuwa Jumanne. Kwa mtu wa Windows kuna iliyomo humohumo ndani, inaitwa File History, nayo inatosha kuanzia.

Hao virusi wanaofunga mafaili afu wanadai hela ni habari ileile. Mei 2017 WannaCry ilizunguka dunia nzima siku chache tu, ikafunga mpaka kompyuta za hospitali kule Uingereza. Wakiingia kwenye mashine yako wanafunga kila diski wanayoiona, na eksteno iliyochomekwa masaa yote wanaiona. Waya ukitoka hawaioni. Teknolojia ya kuwashinda ni mkono wako kuchomoa.

Sasa hesabu maarufu, tatu mbili moja. Iliwekwa kwenye maneno hayo na mpiga picha Mmarekani anaitwa Peter Krogh, nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Watu wanaikariri kama mistari ya kipaimara ila hiyo "moja" ya mwisho ndo wanaiacha, kwasababu ndo yenye usumbufu. Na kwangu ndo yenye maana kuliko zote. Mwizi hachagui, akiingia sebuleni anabeba seva na eksteno iliyolala juu yake, tena na waya. Maji ya mvua yakishuka kutoka mlimani kule kwetu kwenye mawe hayaulizi hii ni nakala au ndo yenyewe.

Mtu atasema basi nipeleke zote wingu, yaani kwenye seva za kampuni za mtandaoni kama Google. Piga hesabu kwanza. Tuseme intaneti yako inapandisha megabiti 5 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 0.625, maana baiti moja ni biti nane. Tera moja ni megabaiti milioni moja. Gawanya, unapata sekunde 1,600,000, yaani siku kumi na nane na nusu usiku na mchana bila kukatika, na bando lako linalia. Bure ya Google ni gigabaiti 15, ni harusi mbili. Wingu sio baya, ila ni la vitu vichache vya thamani.

Na hapo ndo tunafika kwenye swali ambalo watu wanalikimbia, je ni lazima ubakapu vyote? Hapana jamani. Seva yangu ina tera mbili na ushee. Nilipokaa kuchambua nikakuta zaidi ya tera moja na nusu ni muvi na tamthilia ambazo zikipotea leo nitanuna siku mbili afu nitazitafuta tena, kuna nyingine sijawahi hata kuzifungua tangu zije. Hizo sizifanyii bakapu. Nachofanya ni kuhifadhi orodha ya majina yake, faili moja la maandishi dogo kuliko picha ya simu, siku yakinikuta najua nilikuwa na nini. Kuna fungu la kati, nyimbo za kanda za zamani nilizozigeuza mwenyewe kuwa mafaili, zinapatikana tena ila kwa jasho, hizo zina nakala moja ya ziada. Afu kuna FAMILIA, gigabaiti mia tatu na kumi. Bibi yangu mzaa mama yumo humo, amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba Ukerewe, anachambua dagaa huku anaimba nyimbo za Kikerewe ambazo mama mwenyewe hazijui zote. Bibi hayupo tena. Hiyo haiuzwi sokoni Makoroboi wala haishushwi mtandaoni.

Kuna kitu kingine watu wanasahau, akili ya seva yenyewe. Majina ya watumiaji, nani kaishia wapi kwenye tamthilia, mabango uliyoyapanga, vyote viko kwenye folda ya Jellyfin, ukiwa na Linux mara nyingi ni /var/lib/jellyfin na /etc/jellyfin. Hazina uzito mkubwa. Ila izime Jellyfin kwanza ndo unakili, kwasababu ndani kuna hifadhidata inayoandikwa muda wote na ukiinakili ikiwa inaandika ni kama kumpiga picha mtoto anayekimbia, unapata mkono mmoja na ukungu.

Vifaa vya kuwekea. Nitasema haraka isipokuwa kimoja. Hadidiski ya kawaida ya eksteno ndo inayofaa kukaa kabatini, ni ya bei nafuu kwa tera. SSD ni nzuri kufanyia kazi, ila kuiacha bila umeme miaka mingi sio sehemu yake, chaji inayoshikilia data inavuja taratibu. Na kama faili la harusi lina gigabaiti 9 halitaki kuingia kwenye diski yenye nafasi kibao, diski sio mbovu, imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuandika diski ambao haupokei faili linalofika gigabaiti 4, fomati kwa exFAT ambayo inapokea. Ila hamisha vilivyomo kwanza, kufomati kunafuta.

Kile kimoja ni flashi za "tera 2". Nilinunua moja mtaani kwa elfu kumi na tano, nikajiona mjanja. Nikaingiza video zote, majina yote yakaonekana, ukubwa unaonekana, nikaichomoa nikaweka kwenye droo. Baada ya miezi nikafungua, za mwanzo zinacheza, zilizobaki zinagoma zote. Hizo flashi ndani yake kuna gigabaiti 32 au hata 16, ila kile kichipu kinachosimamia kimefundishwa kusema uongo. Kompyuta ikiuliza una nafasi kiasi gani inajibiwa tera mbili, na vinavyozidi uwezo halisi vinatupwa au vinaandikwa juu ya vya zamani. Kuiangalia kwa macho haisaidii, hata jina kubwa kwenye kava linaprintiwa tu. Kuna programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux, zinaijaza flashi mpaka juu afu zinasoma tena kilichoandikwa kimerudi vilevile. Inachukua masaa. Fanya hivyo kabla hujaweka hata picha moja, na fundi akikasirika kwamba humwamini mwache akasirike.

Hii inanipeleka kwenye jambo ambalo hata wakubwa limewashinda. Tarehe 31 Januari 2017 mfanyakazi wa GitLab, kampuni inayotunza kodi za programu za watu dunia nzima, alifuta hifadhidata kwenye seva ambayo siyo aliyokusudia. Gigabaiti kama 300 zikabaki nne na nusu. Wakakimbilia bakapu, walikuwa na njia tano, wakakuta hamna hata moja iliyokuwa inafanya kazi inavyotakiwa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono masaa sita kabla kwa ajili ya kazi nyingine. Mpaka siku hiyo kila mtu pale alikuwa anajua bakapu zipo.

Bakapu ambayo hujawahi kurudisha kitu kutoka kwake ni sawa na mtungi wa gesi ambao hujautikisa, unajua upo tu. Mi sasa kila miezi mitatu nachukua eksteno, nachomeka kwenye kompyuta nyingine sio seva, nachagua video tatu bila mpango na kuziangalia, mwanzo, katikati, mwisho. Katikati ni muhimu, faili lililokatika linaanza vizuri tu.

Mpangilio wangu wa leo ndo huu, sio wa kitabuni. FAMILIA iko kwenye seva. Kuna eksteno moja kabatini inachomekwa Jumapili jioni, programu ya daftari inakimbia, inachomolewa. Picha bora kama elfu mbili na video ya bibi ziko wingu kwa nywila. Na eksteno ya pili iko Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa mama, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, ndani ya kabati la vitenge. Inavuka na meli mara mbili kwa mwaka na mdogo wangu, inarudi na machungwa. Hiyo ya Nansio sijaiwekea nywila, najua wataalamu mtanisema, ila mama huwa anaichomeka kwenye tivi yake anaangalia, na mi nikipima kati ya mwizi wa Nansio kuona video za kipaimara na mama kushindwa kumwona mama yake, sihitaji kikokotoo.

Mwezi uliopita akanipigia. "Hii ya bibi yako inaganda pale anapoanza wimbo wa pili, umeiharibu?" Nikamwambia mama ngoja, nikafungua ya kwenye seva, inacheza mpaka mwisho. Ya kabatini, inacheza. Kumbe safari ya mwisho nilichomoa waya wa hiyo ya kwake kabla kompyuta haijamaliza kuandika, nilikuwa nawahi meli. Ile nakala isingetikiswa na mtu ingekaa kabatini miaka kumi inaitwa bakapu. Mdogo wangu anaileta Ijumaa.